Subaru STI kama gari ya kila siku hapa Mtwara: miaka miwili, bampa tatu na mjomba aliyeninunia

Mla Korosho Mbichi:
Wakuu habari za jioni. Leo nina muda. Gari iko juu ya matofali hapa nyumbani Naliendele, mguu wa mbele kulia umevuliwa, spea inakuja na basi la Dar. Badala ya kukaa barazani kutazama tundu la tairi, nimeona nilipe deni la huu uzi.

Kila wiki lazima mtu anifuate pembeni: "Mkuu, gari ya spidi unaweza kutembelea kila siku huku kwetu?" Unaweza. Ila kuanzia siku unayoichukua, si wewe tena unayepanga upite wapi, upaki wapi na umtembelee nani. Hayo inapanga yenyewe.

Gari ni Impreza WRX STI ya 2004, milango minne, gia sita za mkono, injini EJ20 yenye turbo, cc 1994. Kwenye karatasi za Japani ina nguvu farasi 280. Hiyo 280 isiwababaishe. Watengenezaji wa Japani walikubaliana tangu 1989 wasitangaze zaidi ya hapo, na makubaliano yakaja kufa 2004. Ndiyo maana ukisoma vijitabu vya Skyline, Supra, Evo na Subaru za miaka hiyo unakuta namba ile ile, kama wanafunzi waliotazamiana mtihani.

Niliichukua Dar Agosti 2023, mkononi mwa mtu, nikaileta mwenyewe. Kilomita mia tano sitini hivi. Nilifika usiku, mama watoto akatoka na kitenge, akaizunguka, akauliza swali moja tu: "Hili pua la juu ni la nini?" Lile pua ndilo linaloingiza upepo wa kupoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Nikamweleza kwa dakika kumi. Akasema chakula kinapoa.

Tuanze na mafuta maana najua mtauliza. Kazini kwangu ni mjini, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ni kilomita 25. Inanipa kilomita 7 kwa lita. Tukipiga lita elfu tatu kurahisisha hesabu, kwa mwezi wa siku 26 ni kama laki mbili na themanini. IST ya jirani yangu kwa mizunguko hiyo hiyo inakula kama laki na nusu. Tofauti laki moja na thelathini. Inauma, lakini ni maumivu ya kujulikana, unayapangia bajeti. Mafuta hayajawahi kunikosesha usingizi.

Kilichonikosesha usingizi ni mita mia nne.

Kiti cha Dirishani:
Naweka kambi hapa. Mita mia nne za nini tena mkuu?

Dogo wa Chikongola:
Nipo siti ya mbele. Tupia picha, tusije tukanyweshwa chai.

Mla Korosho Mbichi:
Mita mia nne kutoka lami mpaka geti langu. Barabara kuu ya Naliendele ni lami safi, hakuna tatizo. Ukikata kuingia kwangu ndipo unakutana na Mtwara halisi: mchanga. Kiangazi unakuwa laini kama unga wa muhogo, masika maji yanachimba mfereji katikati ya njia, na pembeni mizizi ya mkorosho imejitokeza kama vifundo vya miguu ya mzee.

Chini ya gari nilipima kwa rula ya shule ya mwanangu. Kutoka ardhini mpaka sehemu ya chini kabisa ni sentimita 13, kwa sababu aliyekuwa nayo aliweka springi fupi. Wiki ya kwanza ilikaa tumbo. Usidanganyike na miguu minne kuvuta. Tumbo likishalala kwenye mchanga, tairi zote nne zinazunguka hewani kwa usawa na haki. Walikuja vijana watano na mbao, mmoja akaniambia, "Kaka, Noah ya baba hupita hapa na magunia kumi." Sikuwa na jibu.

Springi nilizirudisha za kiwandani baada ya miezi miwili, gari ikapanda kidogo. Lakini mpaka leo nina jembe ambalo kazi yake ni gari. Jumamosi asubuhi natoka nalo, natembea zile mita mia nne nikifukia mfereji na kukata vichuguu. Majirani wanadhani nagombea serikali ya mtaa.

Matuta nayo. Makubwa unayapanda kwa mshazari, tairi moja moja, huku bodaboda nyuma wanakupigia honi na abiria wa bajaji anachungulia kuona kama umelewa. Bampa ya kwanza ilikwenda kwenye tuta la kijijini ambalo halikuwa na kibao wala rangi, usiku, njia ya Mnazi Mmoja. Ya pili ni ukingo wa maegesho mjini, uzembe wangu. Ya tatu sitaki kuieleza, mama watoto anasoma humu.

Spana Kumi na Nne:
Mkuu mimi ni fundi, nipo Lindi. Naomba niongeze kuhusu mafuta, maana watu wanaangalia bei tu.

Fungua kile kifuniko cha tenki cha gari yoyote ya namna hii kutoka Japani, ndani kuna stika inayotaka petroli ya daraja la juu. Kwa viwango vyao petroli ya kawaida ni okteni 89 kwenda juu, ya daraja la juu ni 96 kwenda juu, na hizi STI zilipangwa kwa hiyo ya juu. Turbo inashindilia hewa nyingi kwenye silinda, joto linapanda, na petroli ya okteni ndogo inaweza kujiwakia kabla ya wakati wake. Hapo ndipo mnasikia injini inagonga, kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Ubongo wa gari ukiisikia unarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi ili kuokoa pistoni, na ndiyo sababu mtu analalamika gari imepoa nguvu. Haijapoa, inajilinda.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kupanda mlima na gia ya tano au ya sita, mzunguko uko chini, halafu anakanyaga mpaka mwisho. Hapo ndipo panapovunja pistoni za hizi injini. Shusha gia kwanza, ndipo ukanyage.

Mkanda wa taimingi msisubiri ukatike. Kiwandani wanasema kilomita laki moja. Gari imetoka Japani na maili zisizoeleweka, wewe ukiipokea badilisha, hesabu yako ianze sifuri. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hatuongelei tena mkanda.

Mla Korosho Mbichi:
Fundi ubarikiwe. Mkanda nilibadilisha wiki ya pili. Oili nabadilisha kila kilomita elfu tano, lita nne na nusu hivi, na kila Jumapili nachomoa kijiti nacheki. Hizi injini zenye silinda za kulala zina tabia ya kunywa oili kimya kimya, hazitoi hata moshi.

Na nikifika nyumbani siizimi papo hapo kama nimetoka mbio. Dakika moja ya mwisho naenda taratibu, turbo ipoe na oili ikiwa bado inazunguka. Zile mita mia nne zina faida hiyo moja. Hakuna anayeweza kuzipita mbio.

Mtani wa Masasi:
Nyie watu wa pwani bwana. Subaru si gari ya mashindano hiyo? McRae alishinda Safari Rally ya Kenya 1997 na Impreza, kwenye mawe na matope ya kule, leo wewe unalia na mchanga wa Naliendele? Iuze ununue baiskeli.

Mla Korosho Mbichi:
Mtani nilikuwa nakusubiri. Ni kweli alishinda, na kabla ya hapo 1995 alikuwa bingwa wa dunia na Subaru hiyo hiyo. Sasa katafute picha ya ile gari ya Safari uiangalie vizuri. Imeinuliwa juu, mbele ina vyuma vya kukinga wanyama, na pembeni ya kioo kuna bomba la kuvutia hewa ili ikiingia kwenye maji injini isinywe. Tena ilikuwa na kundi la mafundi linaisubiri njiani. Mimi nina jembe.

Mtani wa Masasi:
Hahaha, nimekubali. Ila njoo Masasi tukuonyeshe barabara.

Mla Korosho Mbichi:
Nakuja kila mwezi mzee. Na niseme ukweli, njia ya Masasi ndiyo inanifanya nisiiuze.

Ukishapita Mnazi Mmoja, ukaacha njia ya Lindi, ukaelekea Mtama na Nyangao, asubuhi kabla jua halijawa kali, kuna vipande vya kona ndefu ambapo gari inakaa chini kama imeshikwa na mkono. Sizungumzii spidi. Vijijini ni 50, tochi zipo, na faini ni elfu thelathini isiyokuwa na risiti ya raha. Raha ya hii gari iko kati ya 40 na 80. Unatoka kijijini, kibao cha 50 kimebaki nyuma, uko gia ya pili, unakanyaga. Kwanza hakuna kitu. Unahesabu moja. Halafu unasikia filimbi nyembamba, na mgongo unaingia kwenye kiti. Sekunde nne tu, umeshafika mwendo wa kawaida, unapanda gia na kutulia kama mtu mzima. Abiria hajui kilichotokea ila ameacha kuongea.

Zile farasi 280 zote kwa pamoja nimezitumia labda dakika ishirini kwa miaka miwili. Nyingine zote nazilipia zikiwa zimelala.

Ila msimu wa korosho njia inabadilika. Minada ikianza Oktoba malori yanaingia Mtwara usiku na mchana, ongeza ya saruji, ongeza ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoshuka bandarini. Lami inabonyea kwenye njia za matairi. Gari yenye tairi pana na ubavu mwembamba inafuata hilo bonde kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni. Usukani unauvuta huku, yenyewe inakwenda kule. Shika kwa mikono miwili.

Bibi Harusi wa Lindi:
Kaka samahani, mimi nauliza mambo ya nyumbani. Watoto wanakaa wapi? Na hiyo sauti, mkiondoka alfajiri majirani wanasemaje? Mume wangu ananiambia anataka kama hiyo, nataka nijue kabla sijakataa.

Mla Korosho Mbichi:
Dada, hapo usikatae haraka. Hii si kigari cha watu wawili. Nyuma watoto watatu wanakaa, buti inaingia gunia na ndoo ya samaki. Tatizo ni ugumu. Shokapu ni ngumu, kila shimo mnalihisi wote kifamilia. Mwanangu wa mwisho alikuwa hapati usingizi kwenye gari, sasa amezoea, na akipanda gari nyingine anauliza kwa nini inayumba.

Sauti ni kweli. Aliyeiuza aliweka bomba kubwa la eksozi. Siku ya tatu mzee wa jirani akanisalimia vizuri sana, akauliza afya ya watoto, afya ya mama, akauliza kazi, mwisho akasema, "Na kuku wangu nao wanakusalimia, siku hizi wanaamka mapema." Nikaenda kurudisha eksozi ya kiwandani wiki hiyo hiyo. Mwambie mumeo anunue isiyochezewa. Iliyochezewa unainunua mara mbili, mara ya pili ni ya kuirudisha ilivyokuwa.

Dogo wa Chikongola:
Kuagiza Japani moja kwa moja ushuru ukoje? Si itakuwa bei ya nyumba?

Kiti cha Dirishani:
Nimeagiza magari mawili matatu, nijibu mimi. TRA wana thamani yao kwenye mfumo, hawaangalii ulinunua bei gani. Juu ya hapo forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa unafuata cc. STI ya cc 1994 inaangukia chini ya 2000, kwa hiyo asilimia 5. Evo nayo hivyo hivyo, cc 1997. Ukichukua yenye cc 2500 ni asilimia 10. Kinachoua ni uchakavu, gari ikizidi miaka kumi wanaongeza asilimia 30, na STI za enzi hizo zote zimezidi. Halafu bei za Japani zenyewe zimepanda, dunia nzima inazitafuta. Kununua iliyokwisha ingia nchini kuna nafuu, ila nenda na fundi, sio na rafiki.

Mla Korosho Mbichi:
Asante mkuu, hapo kwenye rafiki umenigusa.

Niongeze la tairi kisha niende kwa mjomba. Saizi yangu ni 225/45 rimu 17. Mtwara ukizunguka madukani utapata 14 na 15 mpaka uchoke, hizi unaagiza Dar. Nikajiona mjanja, nikatafuta rimu za inchi 15 za Impreza ya kawaida nivae tairi nene za mchanga. Matundu yanalingana, tano kwa mia. Zikagoma kuingia, breki za Brembo ni kubwa, rimu inagusa kalipa. Na mwenye ya 2005 kuja mbele asijisumbue kabisa, kuanzia hapo STI zilihamia tano kwa 114.3.

Sasa mjomba.

Wenzangu wa huku mnajua mjomba ni nani kwetu. Baba anakulea, mjomba ndiye mwenye neno. Wangu yuko ndani ndani upande wa Tandahimba. Lami ya kutoka Mtwara ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50, mbele ya hapo vumbi, na ujenzi ulipoanza ikawa vumbi na michepuko. Mwaka jana wakatuita kwenye shughuli ya wanetu kutoka jandoni. Nikaenda na Subaru mpaka Mnivata, nikaangalia mchepuko wa kwanza, mawe yamekaa kama meno, nikapaki chini ya mkorosho kwa mama muuza chai na kumlipa aniangalizie. Nikachukua bodaboda. Kanzu nyeupe, viatu vya mkekani, vumbi jekundu.

Nilifika nimebadilika rangi. Wazee wamekaa. Mjomba akanitazama kuanzia kofia mpaka kidole gumba, akauliza, "Si tumeambiwa umenunua gari?" Nikasema nimeiacha Mnivata. "Imeharibika?" Hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wenzake, mimi nikisikia: "Gari ya huyu inajua njia ya bandarini tu."

Wakuu, ile kauli imetembea ukoo mzima. Mpaka leo nikipiga simu kijijini wanauliza kwanza kama nipo bandarini. Na ukifikiri ni utani, hesabu. Kabla ya hii gari nilikuwa na Corolla ya zamani, kwa mjomba nilikwenda kila baada ya miezi miwili. Tangu 2023 nimekwenda mara tatu. Sikuwahi kukaa nikaamua nipunguze. Kila safari ikikaribia nilikuwa natazama chini ya gari, nasema mwezi ujao.

Bibi Harusi wa Lindi:
Hapo ndipo nilipokuwa nataka. Namtumia mume wangu hii.

Mtani wa Masasi:
Mjomba apewe uenyekiti wa uzi.

Chumvi ya Mikindani:
Mkuu hujagusa kutu. Mimi nakaa karibu na maji, nilikuwa na Altezza nikaifunika turubai miezi minne nikiwa safarini. Niliporudi diski za breki zimeshika, chini kote kahawia. Turubai lilikuwa linafungia unyevu wa chumvi ndani.

Mla Korosho Mbichi:
Kweli kabisa, pole. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema gari kama hii iwe ya Jumapili tu. Kwa pwani yetu kuilaza ni kuiua. Bora itembee kila siku, breki zijisugue zenyewe, oili ipande. Mimi kila wiki mbili naosha chini kwa maji matamu, bomba lenye nguvu, hasa kwenye viungo vya miguu ya nyuma. Sitaki waniletee polishi wakati chini kuna chumvi.

Kinachonitesa ni kusubiri. Gari ya kawaida ikiharibika Mtwara, jioni unatembea. Hii inakaa. Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, klachi yangu ilikuwa imeshalipiwa, iko Dar kwenye boksi. Nilipanda bajaji kwenda kazini mpaka nikajuana na dereva na familia yake. Ndiyo hapo nilipojifunza kuweka akiba ndani: filta, plagi, belti, bushi, linki za stabilaiza. Chini ya kitanda cha wageni kuna duka. Wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini, sikuweka. Wiki iliyopita boljointi ya kulia ikaanza kulia kwenye kila tuta, kwa gari hii ukibadilisha nzima unakuwa umemaliza, nikampigia muuza spea, tukaelewana, nikatuma hela.

Spana Kumi na Nne:
Ulimtumia namba ya chesisi? Kulia na kushoto za hiyo gari hazifanani.

Mla Korosho Mbichi:
Namba nilituma, picha nilituma, na neno kulia niliandika kwa herufi kubwa. Konda kanipigia, basi limeshaingia Mkanaledi. Naenda na bajaji, nikirudi tutaendelea.

Dogo wa Chikongola:
Tunasubiri mkuu. Na ile picha.

Kiti cha Dirishani:
Kimya kirefu. Bado stendi?

Mla Korosho Mbichi:
Nimerudi. Nimefungua boksi. Ni ya kushoto.